Shawa ya Akoo

Binti yangu Habiba,

Salaam aleikum. Na kabla sijaendelea, salaam aleikum pia kwa askari atakayeifungua barua hii pale kwenye beria ya barabarani. Najua utaifungua, kijana. Ningekuwa wewe, ningeifungua. Hii ni barua ya baba kwa binti yake, inahusu pipa la maji na bafu la bibi yake mzee, tunayemwita Akoo, hakuna lingine. Isome polepole, halafu uikunje vile ulivyoikuta, umrudishie mwenyewe.

Sasa wewe, Habiba, uisome usiku huu kabla hujalala. Naandika ukiwa umeenda na mama yako ofisini kuchukua pasi ya kusafiria. Nimekaa kwenye kona, mgongo ukutani, mlango wazi, nione nani anaingia na nani anapita akijifanya anapita tu. Ungeniona ungecheka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Kiborana changu ni cha mdomo, hakijawahi kushika kalamu. Mambo ya sweta, ya kuficha pesa na ya kutopokea chakula cha watu usiowajua, mama yako amekuambia tangu juzi bila kupumua. Siyarudii.

Nataka kukueleza habari ya shawa. Uliona ikijengwa, ukabeba mawe yake, lakini yako mambo hukuyaona. Sipendi uondoke kesho ukidhani unaondoka kwa sababu baba yako ni fundi hodari.

Unakumbuka ilivyoanza. Akoo alianguka zizini, bega likakataa kurudi mahali pake, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha. Kopo, beseni, kigoda, na nyinyi wawili humo ndani mkicheka mambo ambayo mimi sikuambiwa. Mama yako alijaribu mara moja, akafukuzwa. Mkwe haoni mwili wa mama mkwe wake, Akoo akasema, hata shifta wakiingia mjini na bunduki zao. Kisha ikaja habari kwamba umepata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni kule juu Meru. Sote tulishangilia. Akoo alishangilia kuliko sisi sote, na hapo ndipo nilipoanza kushuku, kwa sababu mama yangu si mtu wa kushangilia.

Hakuna aliyeuliza nani atamwogesha, ila kila mtu alikuwa akiliwaza hilo. Wewe uliniambia ukiangalia chini, "Aba, naweza kungoja mwaka mwingine." Binti yangu, najua mwaka mwingine maana yake nini. Kwa siku hizi ambazo jina letu likitajwa barabarani watu wanatazamana, nafasi ya mtoto wa Kiborana ikishapita imepita. Kwa hiyo nilijua kwamba Akoo asipoweza kuoga peke yake, wewe huendi popote.

Kazini kwangu, kwenye karantini ya ng'ombe, nyuma ya nyumba ya daktari wa mifugo, kuna pipa juu ya nguzo. Jua linapasha maji mchana kutwa, jioni daktari anasimama chini, anageuza koki, mvua inamnyeshea. Mtu mwenye mkono mmoja mzima anaweza kuoga hivyo. Nikasema, Akoo atakaa kwenye kigoda, atageuza koki kwa mkono wa kushoto, na Habiba ataenda shule.

Niliweka pipa juu ya mawe, usawa wa kifua changu. Nikatoa bomba chini yake, nikaliingiza bafuni, nikalipandisha juu ya kichwa cha mtu kama nilivyoona kwa daktari, na mwisho wake nikafunga mkebe wa mafuta niliotoboa kwa msumari. Akoo akaingia, akageuza koki. Kimya. Halafu nikamsikia.

"Guyo! Hata mbuzi mgonjwa anakojoa kwa nguvu kuliko hii."

Mtu mwingine angeliangalia bomba. Mimi niliangalia ua wa jirani. Baba Kendi tumeishi naye ukuta kwa ukuta tangu kabla ya Uhuru, yeye akileta miraa kwa lori lake kutoka Meru, mimi nikipaka ng'ombe dawa. Wewe na Kendi mliugua surua pamoja, mkalazwa mkeka mmoja. Lakini tangu vita hivi vya shifta vianze, nikitoka nje anapunguza sauti ya redio. Na spinachi yake ilikuwa imestawi katika msimu ambao hata miiba ilikuwa imekata tamaa. Nikajiuliza, hayo maji yanatoka wapi? Jibu nililipata haraka sana, kama ninavyopata majibu yangu yote: yanatoka kwenye pipa langu.

Nikamwaga majivu kulizunguka pipa. Watu wa ng'ombe tunajua kazi hiyo. Ukitaka kufahamu ni nini kinachoingia zizini usiku, unamwaga majivu mlangoni, asubuhi unasoma. Asubuhi nikasoma. Kulikuwa na nyayo za kuku na nyayo zangu mwenyewe. Wewe ungesema basi, jirani hana hatia. Mimi nilisema Baba Kendi amejifunza kutembea kama kuku.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa ng'ombe tu angelifanya. Niliwaza hivi: ng'ombe watano wakisukuma lango la boma, lango linatikisika, wakiwa hamsini, linavunjika. Basi maji nayo yakiwa mengi nyuma, yatasukuma yale ya mbele. Nikaleta pipa la pili, nikaliweka kando ya la kwanza, nikayaunganisha. Mama yako na punda walishinda siku nzima wakiyajaza. Akoo akaingia, akageuza koki, na mbuzi akawa mgonjwa vilevile, ila ugonjwa wake sasa ulichukua muda mara mbili.

Nikaenda uani nimekasirika.

"Muga, Baba Kendi."

"Muga. Unaangalia nini kwa shamba yangu?"

"Spinachi yako inakunywa wapi?"

"Inakunywa kwa mtungi ya bibi yangu, na mgongo yake inauma. Na wewe, mapipa mbili ni ya nini? Umepata wageni?"

Unajua mwenyewe neno hilo likisemwa kwa sauti mtaani kwetu mwaka huu. Mtu anaulizwa kama ana wageni, yaani shifta, kesho yake nyumba inapekuliwa mpaka kwenye unga. Nikaingia ndani bila kumjibu. Nikamkataza mama yako kumwazima chumvi.

Kilichonifungua macho ni mpira wa maji wa josho. Nilikuwa naosha sakafu karantini, maji yakitoka kwenye tangi lilelile la siku zote. Nikauinua mpira begani niruke mtaro, maji yakalegea, yakaanza kudondoka. Nikaushusha karibu na ardhi, yakaruka mpaka ukutani. Nikauinua tena, nikaushusha tena. Wenzangu wakadhani nimepigwa na jua. Tangi halikuongezewa kitu. Hakuna mwizi aliyekuja wala mwizi aliyeondoka. Ni mkono wangu tu uliopanda na kushuka. Basi maji hayajali wingi wake, Habiba. Yanajali umbali kutoka juu yalipokaa hadi chini yanapotokea. Mapipa yangu yalikuwa usawa wa kifua na mkebe ulikuwa juu ya kichwa cha mtu. Hata hicho kidogo kilichotoka kilitoka kwa sababu pipa lilikuwa limejaa mpaka mdomo, na kwa kunihurumia.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mimi, na umri huu. Nikauza pipa la pili, nikanunua nguzo, nikalipandisha la kwanza juu kupita paa. Hujasahau tulivyolijaribu kwa mbuzi? Ulimpaka sabuni yule beberu mweupe mpaka akawa povu tupu, nikamshika chini ya mkebe, ukageuza koki. Povu lote likaenda, na beberu akanipiga teke la goti. Nilikuambia siku ile kwamba maji yanayoweza kusuuza manyoya ya mbuzi yanamtosha Akoo. Ulicheka, ukaenda kutoa sanduku lako chini ya kitanda.

Askari walikuja kesho yake, wewe ukiwa umekwenda sokoni.

"Mzee, hii ni nini?" koplo akauliza, akiangalia juu.

"Bafu."

"Bafu inakaa juu ya nyumba?"

"Bafu liko chini, afande. Maji ndiyo yako juu, ili yapate nguvu."

"Nguvu ya kufanya nini?"

"Ya kumwosha mama yangu."

Akanitazama sana. Akapanda mwenyewe kwenye nguzo, akasimama kando ya pipa, akageuka polepole. Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Kutoka hapa naona kambi yetu yote," akasema. "Naona mpaka jikoni. Mtu akiwa na taa hapa usiku, anaongea na nani?" Nilimweleza habari ya mpira wa josho. Nilimweleza hata habari ya beberu. Kadiri nilivyoeleza vizuri, ndivyo alivyozidi kunishuku, na simlaumu. Mtu anayejua sana urefu wa kitu, mimi pia ningemwuliza kwa nini. Wakanipa mpaka jioni. Chochote kinachopita ukingo wa paa kishuke, ama watakishusha wao na mimi pamoja nacho.

Nilikishusha, pipa likarudi juu ya mawe yake. Ulirudi sokoni ukanikuta nimekaa juu ya nguzo zilizolala chini, nikakuambia zimeliwa na mchwa. Hazikuliwa na mchwa. Na sanduku ukalirudisha chini ya kitanda bila kuuliza neno, jambo ambalo liliniuma kuliko askari wote.

Aliyewaita ni nani? Nilijua ni Baba Kendi. Nilijua kama ninavyojua jina langu, yaani bila kumwuliza mtu. Mpaka leo sina ushahidi, na kusema kweli, kambi ile inaona pipa langu kama pipa langu linavyoiona kambi. Lakini siku ile nililala nikimpangia maneno.

Usingizini, au karibu na usingizi, mkono wangu ulikuwa bado unapandisha na kushusha mpira ule. Ndipo nikakumbuka nusu niliyokuwa nimeisahau. Pipa likikatazwa kupanda, mkebe haujakatazwa kushuka. Nani amesema sakafu ya bafu lazima iwe usawa wa uwanja? Akoo amekulia visimani, kule ambako ng'ombe wanateremka kwa njia iliyochimbwa mpaka kwenye birika, na watu wanashuka zaidi, mmoja chini ya mwenzake, wakipitishiana ndoo kutoka gizani. Sisi hatujawahi kuyaogopa maji kwa sababu yako chini. Asubuhi nikashika sururu.

Hapo sasa nikagundua kwamba mwaka huu mtu akipanda anashukiwa, na akichimba anashukiwa zaidi. Sijachimba hata kufikia magoti, kichwa cha Baba Kendi kikatokea juu ya ua.

"Juu wamekukataza, sasa unaenda chini. Unazika nini?"

"Njoo uone."

Alikuja. Alikuja na panga, nami nilikuwa na sururu, tukasimama kila mtu upande wake wa shimo. Akaangalia ule mteremko mrefu niliouchonga kwa ajili ya miguu ya Akoo, mahali pa kigoda, bomba linaloning'inia. Nilimweleza yote. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kujua kwangu kote, sikuwa nimejiuliza.

"Sasa maji ikishamwosha, inatoka wapi? Unataka mama akae kwa dimbwi kama kiboko?"

Nikaangalia shimo. Halina pa kutokea. Baba Kendi akashuka ndani, akachutama, akaangalia jinsi uwanja unavyoinama kwenda upande wake. Akanionyesha kwa panga: mfereji upite chini ya ua, maji ya Akoo yaende kwenye spinachi yake. Tuliuchimba pamoja siku ile na siku iliyofuata, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukakutana chini ya ua. Sijaacha kabisa kuwaza kwamba alikuwa akiyataka maji yale tangu mwanzo. Lakini nimeamua kwamba hata kama ni hivyo, na ayachukue.

Siku Akoo alipoteremka bafuni na kugeuza koki, maji yalimpiga, yakapiga mabati nyuma yake, sauti ikafika barabarani. Alipiga kelele kama msichana. Wewe ulikuwa umesimama na taulo mlangoni, ukaniangalia, mimi nikajifanya nina kitu jichoni. Nililia, Habiba. Sina haja ya kuficha hilo.

Sasa nafika kwa yale ambayo hukuyaona. Wiki hii maji yalikufa. Akoo alitoka bafuni akasema hayana nguvu tena, kama yale ya mwanzo. Nikapanda, pipa limejaa. Nikapuliza mkebe, uko wazi. Siku ya pili vilevile. Nikakuona jioni ukitoa nguo moja moja kwenye sanduku, ukizikunja na kuziweka rafuni, na nataka ulijue hili kutoka kwangu: moyo wangu ulifurahi. Si sana. Lakini ulifurahi, na nikauacha ufurahi mpaka nikamaliza chai.

Halafu nikaanza kushuku, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza. Nilimshuku Baba Kendi kwa mazoea tu. Nikamshuku mama yako, maana macho yake yamekuwa mekundu tangu barua ya hospitali ifike. Kisha nikakushuku wewe. Niliwaza umeogopa barabara, umeogopa Wameru, umeogopa kuwa peke yako, na umepata njia ya kubaki bila kusema. Nisamehe. Nilimwaga majivu nyuma ya bafu, chini ya ile koki kubwa ya bomba litokalo kwenye pipa, ambayo huwa wazi siku zote.

Asubuhi nikaenda kusoma. Zilikuwa nyayo ndogo, za mguu mtupu, na kando ya kila hatua palikuwa na kitundu cha fimbo. Sikuhitaji kuzipima. Nimejifunza kutembea nikizifuata nyayo zile.

Nilimkuta amekaa kitandani, anajua kwamba najua.

"Mama, umefunga koki nusu."

"Nilitaka kuona kama bado inageuka."

"Siku tatu?"

Nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilitaka kukasirika nikakuta sina hasira ya kumpa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekunywa chai yangu nikifurahi. Nikamwambia, "Sema tu. Ukisema mtoto abaki, atabaki."

Kisha akasema kwa Kiborana, nami nakuandikia kwa Kiswahili kadiri niwezavyo: "Nilipokuwa msichana kule visimani, mimi niliwekwa chini kabisa, kwa sababu nilikuwa mwembamba. Nilijaza ndoo, nikampa aliye juu yangu. Siku nzima sikumwona hata ng'ombe mmoja akinywa. Nilisikia tu kwato, nikajua wanakunywa." Akatafuta fimbo yake. "Nisaidie nisimame. Nataka kwenda kufungua koki yangu."

Alikwenda akaifungua mwenyewe, mpaka mwisho. Ndiyo maana jana uliambiwa kwamba lilikuwa jani tu lililoziba bomba.

Sikuambii usishuku, binti yangu. Unaenda kati ya watu wasiotujua, katika mwaka mbaya, na wapo watakaokuangalia kama koplo alivyoliangalia pipa langu. Shuku, lakini mwaga majivu kwanza, na ukishayamwaga uyaamini, hata yakikuonyesha kuku. Mimi nimesumbua majirani kwa sababu nilikuwa nayasoma majivu nikiwa na jibu langu tayari mfukoni.

Kesho utapanda lori la Baba Kendi. Ndiyo, huyohuyo. Mimi ndiye niliyemwomba, na yeye ndiye aliyesema utakaa mbele kati yake na dereva, na kwamba pale beria atasema wewe ni mwenzake Kendi, aliyelala naye mkeka mmoja. Nimemtazama machoni alipokuwa akisema, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nimeamini.

Lori litasimama nje ya ua kukikucha, kafyu ikishaisha. Mama yako atalia, mimi nitakagua magurudumu. Akoo usimtafute mlangoni, wala usirudi ndani kumwita. Ameniambia hawezi kukuona ukipanda. Pipa nimeshalijaza mpaka mdomo, ili maji yawe na nguvu yote yanayoweza kuwa nayo. Atateremka bafuni kabla hujatoka, na dereva akiwasha gari atafungua koki. Utasikia mabati yakilia mpaka barabarani, na askari wa kambini nao watasikia, na waandike watakavyo.

Ukiyasikia, intala tiya, binti yangu, panda lori.

Baba yako,
Guyo